Siku Itongwa Aliposimama Mbele ya Ubao

Bukavu, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpenzi,

Jambo Mama. Jambo ya kwako, jambo ya nyumba yako, na jambo moja ya pekee kwa ule mgongo unaokuuma. Umeamkaje huko? Lile paa la jikoni lilishaezekwa, ama mvua bado inaingia kwenye chungu chako bila kualikwa? Sisi huku tupo. Watoto wanakua, baba yao yuko salama, bugali na sombe ya majani ya muhogo tunapata, na siku ziwa likitupenda tunakula samaki wadogo, sambaza. Kwa hayo tumshukuru Mungu.

Barua hii nampa Papa Bulambo, yule anayesukuma baiskeli ya chumvi na sabuni mpaka kwenu Shabunda. Tangu ndege ziache kuruka pale Kavumu, miguu yake ndiyo posta yetu. Ningeweza kungoja upande kile kilima cha mtandao uniite kwa simu, lakini najua pale mnapanda wengi, na kila mtu anasikia maneno ya mwenzake. Haya si maneno ya kilimani. Tonton Lukamba, wewe katekista wetu unayemsomea Mama, nakuomba kwa heshima: ingieni ndani, mfunge mlango, usome polepole. Ukifika mahali Mama akanyamaza sana, mwache kwanza, halafu uendelee.

Mama, kila ukiniita unaniuliza kama Itongwa amepata ile kazi. Na kila mara ninakuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Leo nianze tu.

Unajua kazi yangu hapa. Mimi ni katibu katika chuo kikuu hiki kidogo. Napanga saa za masomo, nafuata nani anafundisha na nani amekosa. Somo la biolojia ya mwanzo, lile ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima alipite, awe atakuwa muuguzi ama mtu wa kilimo, lilikuwa mikononi mwa muzee mmoja, profesa wa kweli. Mji ulipobadilika mikono katika vita hivi, alivuka mpaka akaenda kwa watoto wake, na hajarudi. Tukamchukua mwingine haraka haraka. Yule alikuwa anasoma karatasi zake za zamani bila kuinua macho, mpaka siku moja wanafunzi walisimama wote wakatoka, wakamwacha na karatasi zake. Tangu hapo darasa likakaa yatima. Na bila biolojia, Mama, mwaka wao wote hauna maana. Kuna wazazi kule Mumosho na Kasha waliokata shamba la ndizi vipande wakaviuza ili mtoto asome, sasa mtoto anashinda kwenye ngazi za chuo akitazama ziwa.

Directeur, mkubwa wetu wa chuo, akaniita ofisini. Akasema, "Maman Wabiwa, tafuta mutu wa kufundisha ile cours ya biolojia, hata kama ni kwa saa kidogo tu ku wiki. Lakini safari hii hapana kuchagua kwa diplome. Kila mutu asimame mbele ya batoto, afundishe, batoto bamusikie. Mwenye batakubali, njo huyo."

Nilitoka pale nikicheka peke yangu kwenye korido. Kwa sababu wiki ile ile ulikuwa umeniita ukisema, "Wabiwa, mudogo wako iko hapa, anakaa tu nyuma ya nyumba. Shule yake imefungwa. Umutafutie kitu huko mujini." Na nani anajua biolojia kumshinda Itongwa wetu? Mtoto aliyekuwa anakunyima viwavi vya kupika kwa sababu anataka kuona kama kweli vitageuka vipepeo! Aliyeisoma Kisangani mpaka mwisho, kisha akarudi mwenyewe msituni kufundisha watoto wa sekondari kule ng'ambo ya mto Ulindi, wakati wenzake wote walibaki mijini. Nilijisemea: asimame tu mbele yao. Hakuna atakayesema dada yake alimwingiza kwa mlango wa nyuma. Kazi hii ataichukua mchana kweupe.

Alifika amekonda, viatu vimeisha, lakini akawabeba watoto wangu wote wawili kwa mpigo, akacheka. Nikasema ni uchovu wa njia. Aliomba alale kwenye kona ya sebule, mbali na mlango, nikasema labda ni baridi. Mlango ukifungwa kwa nguvu, alikuwa anaacha kuongea, kisha anaendelea kama vile hakuna kitu. Mama, mimi niliyekulia naye chungu kimoja, nilikuwa nayaona hayo yote na sikuyaunganisha.

Siku ya majaribio tuliingia kwenye auditoire, ndivyo tunavyoita ule ukumbi mkubwa wa masomo. Wanafunzi walijaa mpaka madirishani. Directeur na mimi tukakaa nyuma kabisa. Alianza bwana mmoja wa hapa mjini, mtu wa kilimo, tai shingoni. Kifaransa chake kilipanda juu sana, na macho ya wanafunzi nayo yakapanda, yakaishia darini. Wakampigia makofi ya adabu.

Kisha akaitwa Itongwa. Alikuwa amevaa shati la mkwe wako, baba wa watoto wangu, limempwaya kidogo. Mkononi ana jani la muhogo alilochuma njiani.

Akauliza, "Jana, nani alikula sombe?"

Mikono ikainuka, na vicheko.

"Basi jana mulikula jua."

Kimya kikaingia, kile kimya kizuri, Mama, cha watu waliofunguliwa mlango. Akasema, "Njo vile. Jua haliliki, lakini hili jani linajua kulipika. Linachukua maji ku udongo, linachukua hewa, linawasha moto na jua. Jani ni jiko. Leo tutaingia ndani ya lile jiko, tuone nani iko anapika."

Nikamwona msichana mmoja mbele yangu ameacha simu yake, ameegemea mbele na mikono chini ya kidevu. Directeur akaniinamia sikioni: "Ulimuficha wapi huyu?" Nilijaa fahari, Mama. Nilikuwaza wewe. Itongwa akageukia ubao, akaandika jua, akaandika maji, akaandika hewa, akaanza kuchora mshale kutoka kwenye jua kwenda kwenye jani.

Hapo kwenye barabara ya chini kamioni ya simenti ilikuwa inapanda. Tairi yake ikapasuka.

Sisi wote tuliruka. Wengine walishuka chini ya viti, kwa maana mji huu umetufundisha. Halafu mtu wa dirishani akapiga kelele, "Ni tairi! Ni tairi tu!" Tukacheka kicheko kile cha kushusha moyo. Lakini Itongwa hakuruka, wala hakucheka. Alibaki vile vile, mgongo kwetu, chaki imegusa ubao, mshale umeishia katikati. Tukangoja. Wanafunzi wa mbele wakacheka tena kidogo, wakidhani ni mchezo wa mwalimu. Wakaacha kucheka. Niliona shati linalowa mgongoni, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mimi nilikaa, Mama. Nilimfundisha kutembea yule, nikimshika mikono yote miwili kwenye uwanja wako, na siku ile sikuinuka kwenye kiti.

Aliyesimama ni mwanamke aliyekuwa anangoja zamu yake, ile ya mwisho. Anaitwa Maman Nabintu, anafundisha sekondari ya wasichana kule Mudaka, mama wa watoto wakubwa. Alikuwa amekuja na viatu kwenye mfuko kwa sababu ya matope. Alitembea mpaka mbele taratibu, akawaambia wanafunzi, "Batoto, muandike ile iko ku ubao. Muandike muzuri, itatumika." Kalamu zikaanza kukimbia. Kisha akasimama kando ya Itongwa bila kumgusa, yeye naye akitazama ubao, kama watu wawili wanaosoma kitu kimoja. Sijui alimwambia nini. Baada ya muda Itongwa aliweka chaki chini, wakatoka wote wawili kwa mlango wa pembeni.

Maman Nabintu alirudi, akamaliza mshale ule ule, akafundisha kuanzia pale Itongwa alipoachia. Hakuufuta ubao. Alifundisha vizuri, kwa subira, kama mtu anayechambua maharagwe, na aliposema jambo alisema, "Kama vile mwalimu wenu alivyowaambia."

Nilimkuta Itongwa nje kwenye tanki la maji, ananawa uso, ananawa tena.

"Yaya," akaniambia mimi dada yake mkubwa, "unisamehe. Nilitaka kugeuka. Nilishindwa kugeuka."

"Kugeuka wapi, Itongwa?"

Alifunga bomba la tanki. Akasema tu, "Mupe ule maman kazi. Anajua."

Jioni Directeur aliniita. Ni mtu mwema, Mama, usimchukie. Alikuwa anavua na kuvaa miwani yake. "Ile cours yake ilikuwa ya kwanza kabisa. Hata mimi nilielewa, na mimi ni mutu wa mahesabu. Lakini nitamuacha namna gani na batoto bote bale? Hapa kwetu kelele haziishake. Leo ilikuwa tairi."

Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika barua ya kumpa Maman Nabintu kazi ya kufundisha biolojia, Jumanne na Ijumaa, kwa vidole hivi hivi.

Tangu siku ile Itongwa yuko nyumbani. Anamenya viazi, anateka maji, anaosha vyombo kabla sijasema. Watoto wakimwuliza kuhusu mdudu, anawajibu vizuri. Lakini ukimwuliza kuhusu yeye, anatabasamu kama mgeni. Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi akampima damu, akampa vidonge vya usingizi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ugonjwa huu siuoni na sindano, Maman." Akanielekeza kwenye nyumba moja ambako walikuwa wanasikiliza watu waliotoka vitani. Tulikwenda. Mlango una kufuli. Jirani akasema wale watu waliondoka na hakuna anayejua kama watarudi. Nikampeleka kwa Abbé, padri wetu, akamwombea, akamwekea mikono kichwani. Itongwa akasema, "Aksanti sana, Abbé," akarudi nyumbani kumenya viazi. Baba wa watoto aliniuliza, "Sasa tufanye nini?" Nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi. Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Halafu Ijumaa moja, baada ya somo, Maman Nabintu alikuja kwetu na fungu la lenga-lenga la shamba lake. Hakuniuliza habari. Alikwenda uwanjani alikokuwa Itongwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakachambua zile mboga pamoja. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia sauti yake, halafu, Mama, nikasikia sauti ya Itongwa. Ilisema maneno mengi kuliko yote aliyoniambia mimi tangu afike. Sikutoka. Niliogopa kwamba nikitoka ataacha.

Nilimsindikiza Maman Nabintu mpaka barabarani. Pale ndipo aliponiambia. Mama, sasa ndipo Tonton Lukamba asome polepole zaidi.

Wewe uliniambia shule yake ilifungwa. Labda ndivyo alivyokuambia yeye. Siku ile kule ng'ambo ya Ulindi alikuwa darasani, anaandika ubaoni, mgongo kwa wanafunzi. Chaki ilikuwa inakwisha. Akamtuma msichana mmoja, Bitondo, binti wa seremala, aende ofisini kuchukua chaki nyingine. Akaendelea kuandika na kile kipande kilichobaki. Hapo risasi zikaanza, upande wa ofisi. Nyuma yake akasikia watoto wanaruka madirishani, viti vinaanguka, na yeye hakuweza kugeuka. Alisimama pale, chaki kwenye ubao. Alipogeuka, darasa lilikuwa tupu. Alikimbilia mtoni. Msituni aliwakuta wanafunzi wake, akawaita majina, wote wakaitika. Isipokuwa Bitondo. Ofisi ilikuwa upande wa pili, na upande huo hakuna aliyerudi kuangalia. Wengine walielekea kaskazini, yeye akaja kwako, akakaa nyuma ya nyumba.

Hajui, Mama. Hiyo ndiyo inayomla. Hajui kama yule mtoto yuko hai ama hayuko. Alimwambia Maman Nabintu, "Ni mimi nilimutuma." Na anaogopa kuuliza, kwa sababu sasa hivi bado inawezekana kwamba yuko.

Nilidhani kwa kuwa amesema, atapona. Kidogo ilisaidia. Maman Nabintu alimwomba awe anakuja kusikiliza somo lake, na kweli anakwenda. Tunashuka pamoja asubuhi. Anakaa nyuma, karibu na mlango, kati ya wanafunzi walio kama wadogo zake, anasikiliza mambo anayoyajua kuliko wote mle ndani. Anachuma majani, anayapanga kwenye meza, anarudi mahali pake. Nikajipa moyo.

Lakini juzi barabara ya Mudaka haikupitika; walisema kuna mapigano juu kidogo, hakuna pikipiki wala mguu unaopita. Maman Nabintu hakuweza kufika. Wanafunzi wakaja mlangoni kwangu: "Maman Secrétaire, leo nani?" Nilikuwa sina mtu. Nikawafuata mpaka auditoire ili niwaambie waende nyumbani. Itongwa alikuwa amekwisha kukaa pale nyuma. Yule msichana wa siku ya kwanza, aliyeacha simu yake, akageuka kwenye kiti akamwambia, "Mwalimu, utumalizie ile ya jua."

Wote wakageuka. Hawakuwa wanamcheka. Walikuwa wanamwomba, kweli kweli, kwa heshima. Itongwa akasimama. Akatembea katikati ya viti mpaka mbele. Akachukua chaki, akautazama ubao, na nikaona anatafuta namna ya kuandika bila kutugeuzia mgongo; akasimama kiubavu, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani, chaki haikugusa ubao. Hakukuwa na kelele yoyote, Mama. Hata mbwa hakubweka. Akaishusha chaki mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai, akasema, "Munisamehe, bandugu," akapita mbele yangu akatoka.

Wanafunzi walikusanya vitu vyao wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nikabaki na funguo.

Basi ndiyo maana nakuandikia. Najua watu wengi wa ng'ambo ya Ulindi walikimbilia Shabunda, wengine wako kwenye uwanja wa parokia, wengine wamepokelewa na familia. Nakuomba, mgongo ukikuruhusu, nenda uulize. Seremala ana kovu kwenye shavu, Itongwa aliwahi kunieleza hivyo zamani akisimulia kuhusu wazazi wa wanafunzi wake. Uliza kwa upole, usimtaje Itongwa kwanza. Uliza tu kama binti yao Bitondo yuko.

Akiwa yuko, Mama, mwambie aseme neno lolote, hata salamu, na Tonton Lukamba aliandike kama lilivyotoka kinywani mwake, mmpe Papa Bulambo anaporudi. Na kama hayuko, niandikie mimi, jina langu peke yake juu ya bahasha. Usimtumie yeye. Sijui nitafanya nini na jibu kama hilo. Sijui nitaliweka wapi katika nyumba hii ndogo ambayo yeye ndiye anayeifagia. Lakini afadhali likae kwangu kwanza. Na usipopata mtu yeyote anayejua, niambie hivyo pia, kwa sababu hata kungoja kuna uzito wake, nami nataka nijue ninangoja nini.

Unisalimie Mama mdogo, dada yako muuza mawese, mwambie ile kanga yake bado ninaivaa kila misa. Msalimie Papa mkubwa anayepiga ngoma kanisani, na jirani yako mjane anayekuletea kuni. Mungu amlipe mahali ambapo mimi sifiki. Tonton Lukamba, na wewe pokea salamu zangu, na asante kwa sauti yako.

Watoto wanakusalimu, wanauliza lini watakuona. Baba yao anainama kwa heshima. Itongwa yuko hapa karibu, anawasha makaa. Hajui ninachoandika. Amenisikia nikitaja jina lako, akasema nikuambie usihangaike, na kwamba Jumanne na Ijumaa yeye anakwenda chuo kikuu.

Nakushika mikono yote miwili, Mama.

Mimi mzaliwa wako wa kwanza,
Wabiwa